Kabati la mkerezaji: mhadhara kwa vijana wa ufundi chuma, Tanga

Wakubwa zangu, shikamooni. Vijana, hamjambo? Mliosimama mlangoni sogeeni ndani, leo sina kipaza sauti.

Nimeombwa niseme namna ya kujifunza kwa mafundi tunaowaona kwenye simu. Nitalisema kwa kutumia kabati la vifaa, kwa sababu kwenye kabati ndipo jambo hili liliponiingia sawasawa.

Mimi ni mkerezaji, fundi wa kuchonga chuma kwenye mashine inayokizungusha. Shafti za mashine za mkonge ndizo zimenilea. Na mkonge huu, kama mlivyosimuliwa, si wa kwetu kwa asili: Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, ikafika mizima 62, ikapandwa Kikogwe kule Pangani mwaka 1893. Basi mimi nami nilipotaka kuongeza ujuzi, mwalimu wangu mmoja akatokea Florida hiyohiyo: Adam Booth wa Pensacola, mkerezaji wa kizazi cha tatu katika familia yake, mwenye chaneli ya YouTube iitwayo Abom79. Mwingine ni Lyle Peterson, mwalimu mstaafu wa ufundi, ambaye kwa anayeanza namwona bora kuliko wote kwa sababu haruki hatua.

Nilikuwa natazama kama mtu anayetazama mpira. Nafurahi, nalala, kesho sikumbuki kitu. Siku hizi nina daftari. Nasimamisha video naandika: kisu kimekaa kimo gani, mkono wa kushoto umeshika wapi, chenga za chuma kinachokatwa zinatoka na rangi gani. Kisha naandika swali moja: kwa nini amefanya hivi?

Hilo swali sikuliuliza nilipojenga kabati la kwanza. Nililiona kwenye video, zuri, droo zinateleza kwa kidole kimoja juu ya reli zenye gololi. Nikanunua reli za aina hiyo kwa fedha nyingi. Ndani ya miezi minane droo zikaanza kukwama. Nilipofungua nikakuta vumbi la grenda limechanganyika na grisi, limekuwa tope jeusi, gololi hazizunguki tena. Nikairudia ile video. Grenda yake ipo chumba kingine. Yangu ipo hatua tatu kutoka kabatini. Tena fundi yule alikuwa ameshataja sababu ya kuweka reli zile: alitaka droo itoke yote ili aone mpaka nyuma. Mimi nilikuwa nimechukua reli, sababu nikaiacha.

Na vipimo vile vile. Yeye akisema plaiwudi ya robo tatu ya inchi, hiyo ni milimita 19. Ya dukani kwetu ni 18. Ukikata kwa namba zake, kila kiungo kinacheza.

Kabati la pili ndilo hili hapa nyuma yangu. Fremu ni skwea paipu ya milimita 40, upana 600, kimo 900. Kabla ya kuchomelea moja kwa moja nilishika kwa nukta ndogo za kuchomelea tu, nikapima kona kwa kona. Vipimo vyote viwili vya kona kwa kona vinatakiwa visome milimita 1,082. Mara ya kwanza kipimo kimoja kilizidi kwa milimita 5, kwa sababu moto huvuta chuma upande uliochomelewa kwanza. Nikakata nukta mbili, nikarudia kwa kupokezana kona. Msione uvivu hapo. Fremu iliyopinda haina dawa baadaye. Droo itakukumbusha kila siku.

Badala ya reli, kila droo inatembea juu ya engo, chuma cha pembe, ya milimita 25, chuma juu ya chuma, nimepaka nta ya mshumaa. Vumbi likiingia, nafuta kwa kitambaa. Droo haitoki yote, ndiyo, kwa hiyo nimezifanya fupi: kina cha milimita 400 tu, mkono unafika nyuma bila kuhangaika. Ile sababu ya yule bwana imetimia kwa njia nyingine.

Chaki za mashine, yaani vibanio vizito vya chuma vinavyoshika kazi, zipo droo ya chini kabisa, zaidi ya kilo 40. Vifaa vyepesi juu. Na kabati limefungwa ukutani kwa bolti nne, kwa kuwa ukivuta droo mbili nzito kwa pamoja uzito wote unahamia mbele, na kabati linaweza kukuangukia miguuni.

Kuhusu kutu. Sisi tunaishi na upepo wa bahari. Alfajiri chuma kimepoa, hewa yenye unyevu ikikigusa inaacha maji. Nilikuwa naweka vernia, kifaa cha kupimia unene, juu ya sponji, nikidhani naienzi. Sponji inanyonya unyevu na kuushikilia palepale. Niliikuta imeliwa upande mmoja, na vernia ile aliniachia mjomba wangu. Siku hiyo niliumia sana. Sasa inalala juu ya mbao ya mtiki iliyokaushwa, imepakwa oili nyembamba.

Biti za keekee nazo nimezisimamisha kwenye kipande cha mninga, kila moja na tundu lake, ukubwa umegongwa kwa namba pembeni. Chini ya kila tundu nimetoboa tundu dogo zaidi linalotokea upande wa pili. Mtu anaweza kuona ni kazi ya bure. Bila hilo tundu dogo, chenga zinajaa chini, zinashika unyevu, na ncha ya biti ndiyo inayooza kwanza.

Mmeona nimeongea vya kutosha. Njooni wawili wawili, mwenye futi aje nayo. Pimeni kona kwa kona, kisha vuteni droo ya chini polepole, ina chaki ndani. Mkiona kitu ambacho nyinyi mngekifanya vingine, niambieni na sababu yake, daftari langu lipo wazi.