Alama Sita

Wakubwa zangu, shikamooni. Na ninyi vijana wa mwaka wa pili mliojazana huko nyuma mpaka madirishani, hamjambo? Nimeambiwa wengi mmekuja kwa sababu tangazo lilitaja gemu. Sawa, tutaanza na gemu, ila nawaonya mapema kwamba tutaishia kwenye chumba cha habari, na huko hakuna anayecheza.

Novemba 2007, tovuti ya Marekani iitwayo GameSpot ilichapisha uhakiki wa gemu ya risasi na ujambazi, Kane & Lynch: Dead Men. Aliyeuandika ni Jeff Gerstmann, mkurugenzi wa uhariri wa hapo hapo, mtu aliyeitumikia tovuti hiyo zaidi ya miaka kumi. Akaipa gemu alama 6 kati ya 10. Sita si kufeli. Humu ndani nawaona wenye sita ambao mama zao waliwachinjia kuku. Taabu ni kwamba siku zile ukifungua GameSpot, ukurasa wa mbele ulikuwa umevishwa matangazo ya gemu ile ile, yaliyolipiwa na mchapishaji wake, Eidos. Ukisoma uhakiki, gemu ni ya wastani. Ukiinua macho, unaambiwa usiikose. Mwezi haukuisha, Gerstmann akafukuzwa kazi.

Kampuni mama ilikana kwamba watangazaji walihusika. Yeye mwenyewe alikuwa amefungwa mdomo na makubaliano ya kuondoka, akakaa kimya mpaka Machi 2012. Ndipo akasimulia kwamba wakubwa wapya waliowekwa juu yake hawakuwa wamezoea vitisho vya watangazaji. Kila mchapishaji aliponuna kwa sababu ya alama na kusema ataondoa fedha zake, wao walitetemeka.

Watu wengi wakisimulia kisa hiki humlaumu mchapishaji. Mimi lawama yangu kwake ni ndogo. Mfanyabiashara aliyelipia ukuta mzima halafu akaona ametukanwa mbele ya ukuta huo atalalamika, hata mimi ningelalamika. Swali ni nani aliupokea ule ulalamishi, akautoa idara ya matangazo, akauvusha korido, akauweka juu ya meza ya mhariri. Mlango ulifunguliwa kutoka ndani. Shikeni hapo, maana ndilo jambo moja nililokuja nalo leo: ugomvi mkubwa kuhusu namna ya kuandika kashfa za kampuni hizi si kati yetu na kampuni. Ni sisi kwa sisi.

Yamenikuta na mimi, na wala haikuwa gemu. Miaka hiyo nikiwa msaidizi wa mhariri kwenye gazeti moja, tulikuwa na habari ya wateja waliokatwa fedha isivyo halali na kampuni iliyokuwa ikitupa tangazo la ukurasa mzima kila Ijumaa. Hakuna aliyesema tuifute. Ilihamishwa tu kutoka ukurasa wa tatu kwenda wa kumi na saba, chini ya matangazo ya vifo. Kichwa cha habari kikalainishwa, "walalamika" ikawa "waomba ufafanuzi". Hakuna aliyedanganya hata neno moja. Nililala vizuri usiku ule, na hilo ndilo linalonisumbua mpaka leo.

(Mwenye swali avumilie kidogo, nitafika.)

Mwenye fedha si lazima atoe fedha. Hapa kwetu tunaujua mshiko: umeitwa kwenye hafla, umesaini karatasi, umepewa bahasha. Kwa wenzetu wanaoandika gemu, mshiko mara nyingi ni nakala ya mapema. Gemu inatoka Ijumaa, wewe umepewa wiki mbili kabla, uhakiki wako uko tayari siku ambayo dunia nzima inautafuta. Asiyepewa ananunua dukani kama wateja wengine, anaandika baada ya siku nne, na kufikia hapo wasomaji wameshahama. Mkono mtupu haulambwi.

Novemba 2015 mhariri mkuu wa Kotaku, Stephen Totilo, aliwaeleza wasomaji kwamba wachapishaji wa gemu Bethesda na Ubisoft wameisusa tovuti yake: nakala hawapewi, barua pepe hazijibiwi. Bethesda ilikuwa imenuna tangu Kotaku ilipochapisha mwishoni mwa 2013 habari za gemu ya Fallout 4 kabla haijatangazwa. Ubisoft nayo ilikasirika Desemba 2014, ilipovujishwa gemu ya Assassin's Creed ambayo baadaye ilipewa jina la Syndicate.

Hapa nitawaudhi wengine wenu. Kususa waandishi ni utoto, na Totilo alifanya vema kuwaambia wasomaji wake. Lakini kuvujisha jina la gemu si sawa na kufichua dhuluma. Wasomaji wengine walimwambia hivyo hivyo: ulimharibia mtu mshangao wake, akakununia, unalia nini? Nadhani walikuwa na hoja nusu. Ukishazoea kuita kila kitu kilichovuja "uandishi wa uchunguzi", siku utakapoleta habari ya mfanyakazi aliyeonewa, msomaji ataipima kwa mizani ile ile ya umbea.

Gemu ya Cyberpunk 2077 ni kisa cha aina nyingine. Kabla haijatoka tarehe 10 Desemba 2020, kampuni ya Poland, CD Projekt, iliwapa wahakiki nakala za kompyuta peke yake, na wakazuiwa kuonyesha video walizorekodi wenyewe. Wengi wakakubali. Alama zikaja za tisa na kuendelea. Kisha watu wenye mashine za kuchezea gemu, PlayStation 4 na Xbox One, wakaiwasha wakakuta magari yanachomoza kutoka ardhini na gemu inazimika katikati ya safari. Wiki moja tu baadaye Sony, wenye PlayStation, iliiondoa dukani kwake, ikaanza kurudisha fedha. Wahakiki hawakusema uongo, walihakiki walichopewa. Ila mhariri aliyekubali sharti lile alitakiwa kuandika juu kabisa, kabla ya sifa yoyote: nakala ya PlayStation hatujaiona. Wapo walioandika. Wapo walioizika aya ya kumi na mbili.

Sasa kisa kigumu zaidi, na nitakaa hapo.

Julai 2021 idara ya serikali ya jimbo la California iliishtaki Activision Blizzard, wachapishaji wa Call of Duty na World of Warcraft. Ilidai wanawake walilipwa pungufu, walinyimwa vyeo, na walinyanyaswa kingono kazini. Kampuni ikajibu kwa ukali, jibu ambalo mkurugenzi wake mkuu Bobby Kotick mwenyewe baadaye alikiri halikuonyesha kuwasikiliza watu. Tarehe 28 Julai wafanyakazi wakatoka nje kuandamana. Novemba, gazeti la The Wall Street Journal likaandika kwamba Kotick alikuwa akijua mengi kwa miaka. Kampuni ikapinga. Zaidi ya wafanyakazi elfu moja wakasaini kumtaka ajiuzulu.

Mwezi huo huo wa Novemba ikatoka Call of Duty mpya, Vanguard. Wewe ndiye mhariri. Unafanyaje?

Mmoja mezani atasema: uhakiki ni wa gemu, bunduki inalenga au hailengi, mambo ya mahakamani yana ukurasa wake. Mwingine atasema huwezi kumsifia mpishi ilhali jikoni watu wanalia. Wa tatu, kwa kawaida ndiye kijana kuliko wote na ndiye ninayempenda, atasema tusiwaandike kabisa. Kila mmoja ana chembe ya haki, na mkutano wa saa mbili asubuhi unafika saa sita.

Mimi naanza na yule wa tatu, kwa kuwa nampenda. Kutowaandika kunamfaa nani? Msomaji anayetafuta gemu hakupati, anakwenda kwa mwingine, na huko anasoma habari za bunduki tu. Umeinyamazia kashfa kwa jina la kuipinga. Wa kwanza naye namkubalia jambo moja: alama isiguswe. Ukipunguza alama mbili kwa ajili ya kesi, umesema nini? Kwamba gemu ingekuwa bora kidogo, unyanyasaji ungekuwa na thamani ya alama moja? Alama ibaki ya gemu. Lakini chini ya uhakiki iwepo aya inayosema kampuni hii inakabiliwa na kesi gani, nani kashtaki, kampuni imejibu nini, na tarehe. Tovuti kadhaa zilifanya hivyo, nikazipongeza.

Halafu ikaja Desemba 2023, na pongezi zangu zikapoa.

Kesi ya California iliisha kwa makubaliano ya takriban dola milioni 54, sehemu kubwa ikihusu mishahara na vyeo vya wanawake. Madai ya unyanyasaji wa kingono yaliondolewa, na katika makubaliano idara yenyewe ikatamka kwamba hakuna mahakama wala uchunguzi huru uliothibitisha kuwa unyanyasaji ulikuwa umeenea katika kampuni. Shangilieni kampuni? Ngojeni. Tume ya shirikisho ya usawa kazini ilikuwa tayari imefikia makubaliano yake ya dola milioni 18 mwaka 2021, na hayo yalihusu unyanyasaji huo huo, bila kampuni kukiri kosa. Yote mawili ni kweli kwa wakati mmoja. Na ile aya ya 2021 iliyobandikwa chini ya kila uhakiki? Isiyorudiwa inabaki inaning'inia kama bango la mgombea wa uchaguzi uliokwisha. Aliyeona ni ushujaa kuiandika aone pia ni wajibu kuirudia, hata kama sentensi mpya inaifaa kampuni asiyoipenda.

Linganisheni na Ubisoft. Mwaka 2020 gazeti la Libération na tovuti ya Numerama nchini Ufaransa waliandika shuhuda za wafanyakazi wake kuhusu unyanyasaji kazini. Tarehe 2 Julai 2025 mahakama ya Bobigny iliwatia hatiani wakubwa watatu wa zamani, ikawapa vifungo vilivyosimamishwa pamoja na faini. Hapo "inadaiwa" inaweza kupumzika. Lakini angalieni ni nani amehukumiwa: ni watu watatu. Kampuni haikuwa kizimbani. Kichwa cha habari kinachosema "Ubisoft yapatikana na hatia" ni kosa, na nimeshakiona kwenye rasimu ya mwanafunzi wangu mwenyewe, ambaye leo yuko humu na anainama.

Kuhusu Gerstmann, kwa kuwa mtaniuliza: alianzisha tovuti ya Giant Bomb mwaka 2008, na wenzake kadhaa waliokuwa GameSpot wakamfuata. Tovuti hiyo ikauzwa, ikauzwa tena, na Mei 2025, baada ya mvutano na wamiliki kuhusu mwelekeo wa kazi, ikanunuliwa na wafanyakazi wake wenyewe.

Maswali baada ya dakika tano. Kabla hamjatoka kuvuta hewa, chukueni karatasi hapa mbele. Alhamisi kila mmoja aniletee aya moja kuhusu Activision Blizzard ya kuweka chini ya uhakiki wa gemu, isizidi maneno 60, iwe na kesi zote mbili na tarehe zake. Na atakayeniandikia "inadaiwa" mara tatu kwenye sentensi moja, nampa sita.