Kipupwe Moshi, Kusi Mafia

ELISANTE: Karibuni tena, wasikilizaji. Hapa Moshi mlima hatujauona tangu Jumapili, watu wamejaa soko la Memorial kutafuta makoti mazito ya mtumba. Sasa mwenzangu anasema mwezi kama huu wa saba, mwaka jana, alikuwa kisiwani Mafia. Dada Rehema, si ulikwenda wakati mbaya?

REHEMA: Mbaya kwa nani?

ELISANTE: Si wanasema Mafia ni Oktoba mpaka Machi, ukaogelee na papa potwe, wale wakubwa wasiodhuru watu?

REHEMA: Kweli, miezi hiyo wanakuja kula karibu kabisa na mji wa Kilindoni. Lakini wengi wao hawahami, kaka. Watafiti waliwafunga vifaa vinavyotoa mlio, wakatega vipokezi chini ya maji, na matokeo yalitoka 2015: wako palepale mwaka mzima. Upepo wa kusi ukianza wanasogea mbali na ufuko, wanazama zaidi. Sisi ndio hatuwaoni.

ELISANTE: Kama mlima wetu tu. Upo, wingu ndilo limekaa mbele.

REHEMA: Umenena! Ila mimi sikufuata papa, nilifuata kasa. Juni hadi Septemba ndipo mayai mengi yanaanguliwa kisiwa cha Juani. Unalipia hifadhi ya bahari pale geti la Utende (ndiyo ya kwanza nchini hiyo, tangu 1995), unavuka Ghuba ya Chole kwa boti, halafu unakata kisiwa kwa miguu mpaka upande wa bahari kuu. Wanaolinda viota ni wanakijiji wenyewe, na siku wanazihesabu tangu kasa alipotaga. Tukakaa. Jioni mchanga ukatitia kidogo, kama unga kwenye chekeche. Kikachomoza kichwa cheusi, ukubwa wa ncha ya kidole gumba. Kikaja cha pili. Mara mchanga wote unatembea!

ELISANTE: Ukawabeba mpaka majini?

REHEMA: Thubutu! Hugusi. Mmoja alitumbukia kwenye alama ya unyayo wa mtu, kwake lile ni korongo. Anapanda, anaporomoka, anapanda. Nikanyoosha mkono, mlinzi akanitazama tu. Nikaurudisha.

ELISANTE: Akatoka?

REHEMA: Akatoka. Alifika majini wa mwisho.

ELISANTE: Haya, niambie bahari. Mimi Mchaga, wimbi naliogopa kuliko deni.

REHEMA: Hapo sikudanganyi. Kutoka Nyamisati, huku bara, hadi Kilindoni kusi lilitutikisa vizuri, na abiria mmoja alitapika njia nzima, maskini. Boti inasubiri maji yajae, kwa hiyo saa ya kuondoka inabadilika. Usije ukapanga kurudi siku ya harusi ya mdogo wako. Na kama wewe ni wa kupiga mbizi, nje ya ghuba hapaendeki kirahisi. Utabaki ndani, ambako Juani na Jibondo vinakinga.

ELISANTE: Bei je?

REHEMA: Nyumba ina vyumba vinane, wageni tuko wawili. Nilipunguziwa kabla sijamaliza kuomba. Na mama mwenye nyumba alikuwa na nafasi, akaniita jikoni nikune nazi ya pweza. Wageni wakijaa, jikoni hapo utapaona wapi? Kisiwa cha Chole nako nilizunguka peke yangu kutwa, naangalia popo. Wakubwa, wala matunda, wananing'inia mtini mchana wanagombana kama makondakta stendi.

ELISANTE: Nyangumi?

REHEMA: Wanapita miezi hiyo. Mimi niliona mgongo tu, mara moja, mbali. Siwezi kujigamba.

ELISANTE: Kwa hiyo Aprili nako twende, bei ishuke zaidi?

REHEMA: Masika? Hapana, kaka. Hoteli nyingi zinafungwa, na mvua ile si ya kutania. Nasema kipupwe.

ELISANTE: Basi koti la Memorial naliacha nyumbani.

REHEMA: Lichukue! Kwenye boti alfajiri utanikumbuka. Langu lilirudi Moshi limekauka kwa chumvi, likisimama lenyewe mlangoni. Nimelifua mara mbili.