Daftari Linaloonekana na Keneli Isiyoonekana

ZUWENA: Assalamu alaykum, wasikilizaji wetu wa Unguja, Pemba na kwingineko. Leo mimi na Maalim Khatib tunazungumzia istilahi za madaftari ya kukokotolea, yaani programu kama Jupyter zinazokusanya maelezo, msimbo (yaani amri zinazoandikiwa kompyuta) na matokeo katika ukurasa mmoja. Maalim, nianze na kauli ninayoisikia kila mara kwa wanafunzi: wanaposema kwamba daftari limezima, ni kitu gani hasa kilichozima?

KHATIB: Waalaykum salaam, Bi Zuwena. Umelishika jambo penye mzizi wake, kwani watu husema daftari wakikusudia vitu viwili vinavyokaa mahali tofauti. Kwanza lipo faili lililohifadhiwa kwenye diski, ambalo jina lake huishia na .ipynb, na ndani yake hamna ajabu yoyote: ni maandishi yaliyopangwa kwa muundo wa JSON, yaliyobeba maelezo, msimbo na matokeo ya mara ya mwisho. Kisha ipo keneli, programu inayoishi katika kumbukumbu ya kompyuta, ambayo hupokea msimbo, huuendesha na kurudisha jibu. Faili halihesabu kitu, na keneli haijui hata mpangilio wa ukurasa wako. Mwanafunzi anapolalamika kwamba daftari limezima, mara nyingi faili li salama kabisa na kilichokufa ni keneli.

ZUWENA: Na kivinjari kinaingia wapi? Wengi wakiona ukurasa umefunguka ndani ya Firefox hudhani kwamba ni lazima wanunue bando kabla ya kuanza kazi.

KHATIB: Kivinjari ni mahali pa kuandikia na kutazamia tu. Unapoiwasha Jupyter katika kompyuta yako, huanzishwa seva ndogo ndani ya kompyuta hiyo hiyo, kwa kawaida katika mlango nambari 8888, na kivinjari huzungumza na seva, nayo seva hupeleka ujumbe kwa keneli na kuurudisha. Mtu aliyekwisha kuweka programu na maktaba zake zote, yaani mafurushi ya msimbo ulioandikwa tayari, anaweza kukaa Micheweni bila ya intaneti yoyote akachambua data zake kutwa nzima. Mambo hubadilika katika huduma kama Colab, ambayo Google iliifungulia umma mwaka 2017. Kule keneli inaishi katika mashine za Google, kwa hiyo mtandao ukikatika huna pa kupeleka msimbo, na kikao kikiisha, vigeu vyote, yaani majina yanayobeba thamani ulizozihesabu, hupotea pamoja na mafaili uliyoyapakia katika mashine ile, ingawa daftari lenyewe hubaki katika hifadhi yako ya Drive.

ZUWENA: Je, utenganisho huo wa ukurasa na keneli ulibuniwa na Jupyter?

KHATIB: La, ni wa zamani zaidi. Mathematica, programu ya hisabati iliyotoka mwaka 1988, tayari ilikuwa na daftari upande mmoja na keneli upande wa pili, na jina la keneli lilitumika tangu huko. Fernando Pérez, mwanafizikia aliyezaliwa Colombia, alianza kuiandika IPython, programu iliyoizaa Jupyter, mwaka 2001 alipokuwa mwanafunzi wa uzamivu Marekani. Daftari la kwenye kivinjari likafuata mwaka 2011, na mwaka 2014 mradi ukapewa jina la Jupyter, ambalo limeunganishwa kutokana na lugha tatu za kuandikia programu, Julia, Python na R. Jina hilo lenyewe linaeleza faida ya utenganisho: kwa kuwa ukurasa haujali ni nani anayejibu, unaweza kuiondoa keneli ya Python ukaweka ya R, na vitufe vyote vikabaki vile vile.

ZUWENA: Tuje kwenye seli, ambazo ndizo mtu anazoziona kwanza.

KHATIB: Seli ni kisanduku kimoja cha ukurasa. Seli ya msimbo hupelekwa kwenye keneli, na seli ya maelezo, inayoandikwa kwa alama za Markdown, huonyeshwa kama maandishi yenye vichwa na orodha bila ya keneli kuguswa. Ipo na aina ya tatu, seli ghafi, ambayo huachwa kama ilivyo, lakini mwanzaji anaweza kuisahau. Kinachostahili kutazamwa kwa makini ni nambari iliyo kando ya seli ya msimbo, ndani ya mabano ya mraba. Mabano matupu yana maana kwamba seli haijaendeshwa katika kikao hiki. Nyota ndani yake ina maana kwamba inaendelea au inangoja zamu. Na nambari, tuseme 7, ina maana kwamba hiyo ilikuwa amri ya saba kupokelewa na keneli.

ZUWENA: Ya saba kupokelewa, si ya saba kutoka juu.

KHATIB: Naam, na hapo ndipo watu wazima wenye shahada zao hupotea. Chukua mfano wa karafuu. Una faili la mizigo iliyopimwa kituoni, na seli ya pili inapunguza kilo moja kwa kila mzigo kwa ajili ya gunia: kilo ni sawa na kilo kutoa moja. Ukiiendesha mara moja, hesabu ni sahihi. Ukirudi ukairekebisha rangi ya chati katika seli ya chini, kisha ukaiendesha tena seli ya gunia kwa mazoea, keneli itatoa kilo nyingine, na ya tatu ukiirudia tena. Ukurasa bado unaonyesha mstari mmoja uliosafi, lakini mkulima amekwisha kukatwa kilo tatu badala ya moja kwa gunia moja.

ZUWENA: Na akifuta seli kabisa?

KHATIB: Kufuta seli ni kufuta maandishi tu. Kigeu kilichoundwa na seli hiyo kinabaki ndani ya keneli hadi keneli ianzishwe upya. Mkusanyiko huu wa vigeu, maktaba zilizopakiwa na mabadiliko yote yaliyokwisha kufanyika ndio unaoitwa hali ya keneli, na inapotofautiana na kinachosomeka ukurasani huitwa hali iliyofichika. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo istilahi muhimu kuliko zote, nayo haipo katika menyu yoyote.

ZUWENA: Basi umeme ukikatika, kama unavyokatika, hali hiyo inakwenda nayo?

KHATIB: Kwenye kompyuta isiyo na betri, inakwenda yote. Faili litarudi kama lilivyohifadhiwa mwisho, pamoja na chati na majedwali yake, na hilo ndilo linalohadaa: mtu hufungua daftari asubuhi, akaona matokeo ya jana yamejaa, akaendesha seli ya kumi, na kujibiwa kwamba kigeu hakijulikani. Matokeo yale ni kumbukumbu iliyoandikwa, na keneli ya leo imezaliwa sasa hivi haijui chochote.

ZUWENA: Tiba yake ni ile amri ya kuanzisha upya na kuendesha seli zote?

KHATIB: Hiyo hasa, na naitofautisha na amri mbili za jirani yake. Kukatiza husimamisha kazi inayoendelea lakini huiacha hali ya keneli. Kuanzisha upya huifuta hali yote. Na kuanzisha upya pamoja na kuendesha zote huifuta, kisha hupitia seli kutoka juu hadi chini kwa mpangilio wa ukurasa. Daftari ambalo halijapita mtihani huo mimi silipokei kwa mwanafunzi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019, uliokusanya madaftari ya Jupyter yapatayo milioni 1.4 kutoka GitHub, tovuti ambako watu huweka msimbo wao, ulipojaribu kuyaendesha yale yanayofaa kujaribiwa, takriban asilimia 24 yalimaliza bila ya hitilafu, na asilimia 4 tu ndiyo yaliyotoa matokeo yale yale yaliyokuwa yamehifadhiwa.

ZUWENA: Asilimia nne ni aibu, Maalim. Lakini sidhani kwamba mpangilio wa seli peke yake ndio uliosababisha.

KHATIB: Kweli kabisa. Sababu nyingine kubwa ni mazingira, yaani toleo la lugha na la maktaba zilizokuwepo siku daftari lilipoandikwa. Daftari halibebi maktaba hizo. Hubeba jina la keneli na taarifa chache tu. Ndiyo maana anayetaka kazi yake irudiwe huambatanisha faili la orodha ya maktaba na matoleo yake, na huduma kama Binder husoma orodha hiyo ili kumjengea msomaji mazingira yanayofanana.

ZUWENA: Nina swali la mwisho, nalo linahusu kutuma. Mtu amechambua taarifa za wakulima wa shehia fulani, halafu analituma daftari kwa msimamizi wake kwa barua pepe. Ni kipi anachokituma?

KHATIB: Anatuma maelezo, msimbo na matokeo yaliyohifadhiwa, bila ya keneli na bila ya faili la data. Lakini asijidanganye kwamba data zimebaki nyumbani, kwa sababu ikiwa seli moja ilionyesha mistari mitano ya mwanzo ya jedwali, kila mstari na mkulima wake, majina na nambari za simu za watu hao watano zimo ndani ya faili lile, tena kwa maandishi yanayosomeka kwa programu yoyote ya kuandikia. Ipo amri ya kufuta matokeo ya seli zote, na itumike kisha faili lihifadhiwe kabla ya kuambatanishwa. Na kama msimamizi anataka kusoma tu, daftari linaweza kugeuzwa kuwa ukurasa wa HTML, yaani wa kufungulia katika kivinjari, kwa nbconvert, chombo cha Jupyter cha kugeuzia madaftari, huku msimbo ukifichwa, ila matokeo yanayobaki humo yakaguliwe moja moja, maana kuficha msimbo hakufichi majina.