Boksi za Alec Guinness (mhadhara kwa waigizaji, umeandikwa kama ulivyotolewa)

Haya jamani tukae, walioko nyuma sogeeni mbele maana feni inayozunguka ni hii moja tu na maiki nayo inakatakata. Nimeambiwa niongee nusu saa kuhusu nyaraka za mwigizaji, najua ukisikia neno nyaraka unawaza ofisi ya kata, mafaili na mihuri. Sio hizo. Leo naongelea boksi za mtu anaitwa Alec Guinness, wengi wenu mshamuona ila hamjui kama mshamuona. Yule mzee wa joho la kahawia kwenye Star Wars ya 1977, Obi-Wan, ndo huyo. Nyinyi mmemkuta mzee, wakati huo alishafanya kazi miaka arobaini na kitu, jukwaani London na kwenye filamu, na ana Oscar yake ndani.

Mwaka 2013 British Library, maktaba ya taifa ya Uingereza, walinunua makaratasi yake kwa pauni 320,000. Kilichokuwemo ni barua zaidi ya 900 alizowaandikia familia na marafiki, na daiari, juzuu 100, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 30 mpaka alipofariki Agosti 2000. Madaftari mia! Mimi daiari yangu huwa inafika tarehe 9 Januari.

Sasa kabla hatujaenda mbali kuna kitu kidogo nataka mkione. Barua alizoandika yeye zimefikaje kwenye makaratasi yake? Barua ukishaitia posta si yako tena, iko kwa uliyemtumia. Yani ukikuta mwigizaji ana barua 900 zimehifadhiwa ujue kuna watu 900, haya punguza, sema hamsini, walizipokea wakazisoma wakaziweka kabatini badala ya kuwashia moto. Huyu bwana Vita ya Pili alikuwa jeshi la majini, 1943 anaongoza chombo cha kushusha askari kwenye ufukwe wa Sicily, nyumbani kamuacha mkewe Merula na mtoto mdogo, barua zinaenda huko, na Merula mwenyewe alikuwa mwigizaji kabla hajaacha jukwaa. Tukisema nyaraka za mwigizaji tunamsifia yeye tu, wakati nusu ya kazi kaifanya mtu wa nyumbani aliyekuwa na droo.

Haya. Kwanini huyu na sio wale mastaa wenye sura kali? Kwasababu alikuwa hana sura. Msinielewe vibaya, sura anayo, ila ni kama ya karani yeyote unayemkuta dirishani, ukigeuka umeshaisahau, na hiyo ndo ilikuwa mali yake. Mwaka 1949 kuna filamu inaitwa Kind Hearts and Coronets, walimpa nafasi nne, akasoma skripti yuko ufukweni Ufaransa akacheka, hajafika hata mwisho akatuma telegramu: kwanini nne, kwanini zisiwe nane? Akapewa zote nane, ukoo mzima, mchungaji, jenerali, admirali, mpaka bibi mmoja anayeitwa Lady Agatha.

Ukitaka kujua mtu wa namna hiyo katokea wapi anza na karatasi ya kwanza kabisa, cheti cha kuzaliwa. London, Aprili 1914, kaandikwa Alec Guinness de Cuffe, sehemu ya jina la baba iko wazi. Mama akaja kuolewa na kapteni mmoja jina Stiven, mtoto naye akaitwa Stiven, mpaka alipofika miaka 14 ndo anaambiwa wewe bwana ni Guinness. Mwenyewe kasimulia kwamba mpaka umri huo alishakuwa na majina matatu na kaishi sehemu kama thelathini, hoteli na vyumba vya kupanga. Sasa mtoto wa hivyo ukimwambia avae uhusika unamfundisha nini, si ndo maisha yake tangu azaliwe?

Kuna kitu kingine hiki kwetu sisi wa jukwaani ni darasa. Guinness alikuwa anaanzia miguuni. Akishapata mwendo wa mhusika amempata mhusika, sauti na sharubu zinafuata. Kwenye The Bridge on the River Kwai, 1957, ile iliyompa Oscar, kuna pale kanali, ndo yeye Guinness, anatolewa kwenye kibanda cha bati alikofungiwa juani, anatembea kwenda kwa mkuu wa kambi ya mateka wa vita, magoti hayamtii lakini mgongo kaunyoosha, anajitahidi atembee kijeshi. Ule mwendo aliuiga kwa mwanae. Matthew alipata polio akiwa na miaka 11, akapooza kuanzia kiunoni, baadae akaanza kujifunza kutembea upya na baba yake yupo pale anamtazama. Ukiangalia filamu unaona mwanajeshi tu, huwezi kujua kwamba kuna mtoto pale ndani. Hiyo utaipata kwa familia, kwenye barua, kwenye mazungumzo ya mezani, na ndo maana mimi mtu akiniambia filamu zipo YouTube makaratasi ya nini, huwa sibishani nae, namhadithia hii.

Tuje kwenye Star Wars maana naona vijana mnasubiri. Mwaka 1976 wako studio wanarekodi, anamwandikia rafiki yake barua. Analalamika kwamba kila baada ya siku moja analetewa maneno mapya ya ovyo kwenye mafurushi ya karatasi za pinki. Pinki kwasababu kwenye filamu skripti ikibadilishwa kurasa mpya zinachapwa rangi nyingine ili watu wasichanganye na za zamani. Anasema maneno yenyewe hata hayamfanyi mhusika wake aeleweke wala avumilike. Halafu anasema anachofikiria ni mkate tu, yani pesa, ule utakaomsogeza mpaka Aprili hata kama mchezo wake wa jukwaani unaofuata utadondoka ndani ya wiki. Na anawataja vijana anaofanya nao kazi, mmoja jina limemtoka, anaandika Tennyson Ford, anajisahihisha hapohapo kwamba haiwezi kuwa hivyo. Harrison Ford huyo jamani! Nilicheka peke yangu kwenye daladala watu wakanitazama.

Lakini subiri, huwezi kuishia kwenye barua moja ukasema alikuwa anaidharau kazi. Filamu ilipotoka akaiangalia, kwenye daiari akaandika kwamba kwa macho inastaajabisha, kitaalamu ni safi sana, ina kelele nyingi na ina moyo. Barua unamwandikia mtu, unamchekesha, daiari unajiandikia mwenyewe usiku. Ukiwa na kimoja tu una nusu ya mtu. Na mkate ulikuja kweli, alipewa asilimia 2.25 ya fungu la mapato ikamlisha mpaka mwisho.

Namalizia na la kwetu, halina pauni hata moja. Baba yangu mdogo alikuwa anaigiza michezo ya redio. Alipofariki aliacha masanduku mawili ya skripti na madaftari. Baada ya arobaini narudi nyumbani nakuta jirani anauza karanga, nikanunua za kutafuna njiani, nafungua kifungashio naona mwandiko wa baba mdogo. Nikanunua karanga zote na beseni nikaliazima. Niliambulia kurasa 31 na daftari moja, mengine yalishaliwa na mtaa.

Daftari ni hili. Ukurasa huu una doa la chai, pembeni kaandika kwa penseli "kohoa kidogo kabla ya kusema mwanangu", chini yake nauli na sukari nusu kilo. Nalipitisha, anzeni upande wa dirisha, mshike pembeni pembeni, mikono iwe mikavu, na wewe kaka hapo wa tatu hizo karanga weka chini kwanza.