Pima Tangi Kabla ya Kupima Uwanja

Asalaam aleikum, na habari za asubuhi kwenu nyote. Nimeombwa nizungumzie kupanda nyasi kwa mbegu kipindi hiki cha jua. Wakati naingia nimemsikia mtu akinong'ona, huyu mzee kachoka, nani anapanda nyasi Februari hapa Kigamboni? Nianze na huyo.

Jua halina ugomvi na ukoka, nyasi ninayoizungumzia leo. Mbegu yake inataka udongo wenye joto, nyuzi 25 kwenda juu, na ikilipata inaota ndani ya wiki moja hadi tatu. Kuna nyasi nyingine zinazouzwa kwenye pakiti zenye picha nzuri, ila ni za nchi za baridi. Nilishazinunua. Ziliota siku ya saba, kijani cha kupendeza, nikaita majirani waje kuona. Wiki ya nne nilikuwa nafagia majani makavu. Kwa hiyo kabla ya kulipa, ulizeni ni nyasi gani, na muuzaji asiyejua jina mwacheni na pakiti yake.

Kinachoua ukoka mchanga ni kukauka kwa udongo wa juu, ule wa unene wa ukucha tu. Mbegu hizi ni ndogo mno, gramu moja ina zaidi ya 2,000, kwa hiyo hatuzifukii kwa kina kinachozidi nusu sentimita. Sasa huko juu ndiko jua linakopiga. Na mbegu ikishanyonya maji ikatoa kimzizi, haina pa kurudi. Mwaka mmoja nilikwenda msibani Jumamosi, nikamwachia kijana wa nyumbani kazi ya kumwagilia. Akamwagilia asubuhi, akamwagilia jioni, mchana akalala. Sikumlaumu, maana mimi mwenyewe sikumweleza. Lakini uwanja ule niliurudia upya.

Kwa hiyo hesabu yetu inaanzia kwenye tangi. Wiki mbili au tatu za mwanzo mtamwagilia mara nne kwa siku, kidogo kidogo: saa moja, saa tano, saa nane, saa kumi. Kila mara lita moja na robo kwa mita ya mraba, jumla lita tano kwa siku. Tuseme tangi lako ni la lita 1,000, nyumba inatumia 700 kwa siku. Zimebaki 300. Gawanya kwa tano, unapata mita 60 za mraba. Hapo ndipo pa kuishia, hata kama uwanja ni mita 200. Ukoka unatambaa. Masika yakiingia, mashina yake yatakwenda yenyewe, kila kifundo kinachogusa udongo kinatoa mizizi. Anayemwaga mbegu uwanja mzima kwa maji ya robo uwanja atapata vichaka vya hapa na pale, halafu aseme mbegu ni feki.

Mtasikia pia kwamba maji ya mchana yanaunguza majani. Si kweli. Ila mpira uliolala juani una maji ya kuchemka ndani, hayo yamwageni pembeni kwanza.

Udongo wetu huku ni mchanga mtupu, maji yanapita kama kwenye chujio. Changanyeni samadi iliyooza kabisa. Mbichi itawaletea kila gugu alilokula ng'ombe. Kisha mwagilieni eneo likiwa tupu kwa wiki mbili, ndago ijitokeze, muing'oe na viazi vyake. Mkiikata kwa jembe mkaacha viazi chini, mmeipalilia.

Mita 60 zinataka kama nusu kilo ya mbegu. Ichanganyeni na mchanga mkavu, nusu mmwage mkitembea kwa urefu, nusu kwa upana. Reki ipite kijuujuu, kanyageni kwa ubao, halafu funikeni kwa magunia ya katani yaliyoloweshwa. Kila jioni inueni pembe moja mchungulie. Mkiona vinywele vya kijani, vyembamba kama ndevu za kijana anayeanza kubalehe, ondoeni magunia jioni hiyo hiyo, yakisubiri asubuhi yatavutwa pamoja na miche. Kuku fungeni, sina la kuongeza hapo.

Chini ya mwembe msijisumbue, ukoka hautaki kivuli.

Nina kopo la mbegu hapa mezani. Kila mmoja ahesabu 100, azilaze kwenye kitambaa chenye unyevu ndani ya kopo lenye mfuniko, aliweke sehemu yenye joto. Zikiota 50 tu, kile kipimo cha nusu kilo kinakuwa kilo nzima. Tukutane wiki mbili zijazo, kila mtu aje na namba yake. Mama wa pale nyuma, naona umeanza kuhesabu tayari, sogea mezani kuna mwanga.