Kivuli cha Mchana, Nuru ya Usiku: Kuyawasha Majengo Marefu ya Posta na Kivukoni

Ndugu wasanifu, wahandisi, mafundi umeme, nanyi wanafunzi mliosimama huko nyuma kwa kukosa viti, habari za jioni. Asanteni kwa kuja.

Tuanzie kwenye pantoni. Ukivuka kutoka Kigamboni kuja Magogoni saa 2 usiku, mji mzima unakukabili. Hakuna mahali pazuri zaidi pa kupima kazi yetu, kwa sababu pale maji ni meusi na hakuna mti wala ukuta unaokuziba. Utaona kwamba jengo la vioo vitupu, hata liwe refu kuliko jirani zake wote, ofisi zikizimwa taa linatoweka. Yanabaki madirisha mawili matatu yanayowaka ovyo na taa nyekundu kileleni. Mwenye jengo akilalamika, mkandarasi huleta mataa makubwa, huyaweka chini na kuyaelekeza juu. Fedha zinatumika, na jengo linabaki giza vilevile.

Sababu ni nyepesi. Mwanga hauonekani ukiwa njiani. Unaonekana ukigonga kitu na kurudi machoni. Kioo kisafi kinarudisha takriban asilimia 8 tu ya mwanga, tena kinaurudisha kama kioo cha kujitazamia: ukitoka chini unaendelea kwenda juu angani, hauji kwako uliye kwenye pantoni. Unaobaki unapenya ndani na kumsumbua mtu aliye mezani. Ukuta uliopakwa rangi nyeupe unarudisha asilimia 70 au zaidi, na unautawanya pande zote. Zege tupu la kijivu linarudisha kama 30. Kwa hesabu hiyo, ukitaka uso wa jengo ung'ae kandela 10 kwa mita ya mraba (kipimo cha mwanga unaorudi), kiasi kinachotosha katikati ya mji, ukuta mweupe unahitaji luksi 45 (kipimo cha mwanga unaoufikia) na zege la kijivu linahitaji luksi 105. Kwa kioo, hesabu hiyo haina maana yoyote.

Sasa nije kwenye jambo lililonileta hapa. Jengo linalojikinga vizuri na jua la mchana ndilo linalopokea taa vizuri usiku. Ni kiungo kilekile kinachofanya kazi zote mbili, na kinachorwa siku moja, kabla zege halijamwagwa.

Dar es Salaam iko nyuzi 6.8 kusini mwa Ikweta. Adhuhuri ya mwezi Juni jua liko upande wa kaskazini, kimo cha nyuzi 60 hivi. Adhuhuri ya Desemba liko kusini, kimo cha nyuzi 73. Kwa hiyo dirisha la mita 2 linalotazama kaskazini linahitaji juu yake rafu ya zege iliyotokeza mita 1.15 ili kivuli kifike chini ya kioo. La kusini linatosheka na sentimita 60. Mashariki na magharibi rafu haisaidii, kwa maana jua la saa 10 alasiri linaingia kwa ubavu. Huko tunasimamisha mapezi ya wima (vibao vyembamba vya kukinga jua), yaliyokaribiana na kugeuzwa kidogo. Ukiona jengo lenye sura moja pande zote nne, jua halikuulizwa. Mwenye jengo analipa tofauti hiyo kwenye kiyoyozi kila mwezi.

Rafu hizo usiku zinakuwa sahani za kupokea mwanga. Tazameni Soko la Kariakoo, kazi ya Beda Amuli ya miaka ya 1970, na ile miamvuli yake ya zege. Uso kama ule, uliopinda na kutazama chini, ukiuwekea taa ndogo kwa chini unaushika mwanga wote na hauachi kitu kipotee angani. Si jengo refu, lakini msanifu wa majengo marefu ana mengi ya kujifunza pale. Na kwa wenzetu, mji wa Kansas City kule Missouri, Marekani, ambao si mkubwa kama New York wala Chicago, una jengo la Power and Light lililokamilika mwaka 1931, lenye ghorofa 34. Linapanda kwa ngazi, na kileleni lina kandili ya vioo. Kandili ile ni sehemu ya jengo lenyewe. Haikuja kuning'inizwa baadaye. Ndiyo maana miaka yote hii mtu bado anaitambua kwa mbali.

Sasa tushuke kwenye rafu moja, tuitazame kwa karibu.

Rafu ina upana wa mita 1.15. Ukingo wake wa mbele umeinuliwa sentimita 12, ili mtu aliye ng'ambo ya maji asiione taa yenyewe, aone tu mwanga kwenye tumbo la rafu ya juu. Ukingo huo unaleta tatizo: unazuia maji. Sakafu ya rafu inapewa mwinamo wa 1 kwa 50, yaani milimita 23 kwa upana huo, na maji yanatolewa kwa tundu lenye bomba la milimita 50. Wengi husahau tundu. Masika ya kwanza rafu inageuka birika, na taa zinalala majini wiki nzima. Hata kama tundu lipo, taa isikae sakafuni. Iinuliwe juu ya miguu ya sentimita 8, kwa sababu majani na kinyesi cha kunguru vitaliziba tundu siku moja, na siku hiyo itakuwa ya mvua.

Taa yenyewe ina kofia upande wa kioo, ili mwanga usiingie ndani. Jengo la ofisi linavumilia kidogo, lakini la hoteli au makazi halivumilii hata chembe. Mgeni atafunga pazia usiku wa kwanza na kulalamika asubuhi.

Kisha chumvi. Hapa nawaomba tusikimbie, maana ndipo taa nyingi za mji huu zinapofia. Taa ikiwaka saa tano mfululizo, hewa iliyo ndani yake inaweza kufika nyuzi joto 60. Ukiizima, inashuka hadi 25 au 26, na hewa ile inasinyaa kwa karibu sehemu moja ya kumi. Pengo hilo lazima lijazwe. Kama taa haina kiwambo cha kupumulia, kile kidude kinachopitisha hewa na kukataa maji, itavuta kupitia kwenye glendi ya waya, yaani kile kibanio cha tundu la kuingizia waya, na itakachovuta ni unyevu wa bahari wenye chumvi. Inafanya hivyo kila usiku. Baada ya miezi utaona ukungu ndani ya lenzi, kisha ubao wa LED unageuka kijani. Fundi ataapa kwamba taa ilikuwa IP67, daraja la kuzuia vumbi na maji, na atakuwa anasema kweli. Kipimo hicho ni cha kuzamishwa kwa muda mfupi, hakikupimwa kwa kuvuta pumzi mara 365 kwa mwaka. Dawa yake: taa yenye kiwambo, glendi iliyokazwa kwa waya wa unene wake, na waya uachwe uning'inie chini kama kitanzi kabla ya kuingia, ili tone la maji lidondokee hapo lisifuate waya hadi ndani.

Bolti nazo ziwe za chuma kisichoshika kutu cha daraja la 316, si 304. Lakini chuma hicho kikigusana na alumini penye maji ya chumvi, alumini ndiyo inayoliwa. Ukiona unga mweupe kuzunguka kichwa cha bolti, jua kazi imeshaanza. Weka washa ya nailoni pande zote mbili na bomba dogo la plastiki ndani ya tundu, vitu viwili hivyo visigusane kabisa. Gharama yake haifiki hata ya soda.

Umeme. Taa za volti 24 ni salama, ila zinachosha waya. Chukua mzigo wa wati 100 ulio mita 30 kutoka kwenye draiva (kifaa kinachobadili umeme wa volti 230 kuwa wa taa), waya wa milimita za mraba 2.5. Mkondo ni ampea 4.2, ukinzani wa kwenda na kurudi ni omu 0.42, na volti 1.75 zinapotea njiani. Hiyo ni zaidi ya asilimia 7, na taa ya mwisho itaonekana imefifia na rangi yake imebadilika. Mzigo uleule kwa volti 230 unapoteza chini ya volti 0.2. Basi peleka 230 hadi kwenye chumba cha umeme cha kila ghorofa na uweke draiva hapo, ndani, penye kivuli. Usiiweke paani. Kapasita za draiva hupoteza nusu ya umri wake kwa kila nyuzi 10 za joto zinazoongezeka, na bati la Dar es Salaam saa 8 mchana mnalijua.

Kuhusu rangi nina msimamo, na nitausema wazi. Nuru ya kelvini 2,700 hadi 3,000, yaani ya manjano kama ya balbu za zamani, ndiyo inayofaa hapa. Nuru ya kibluu hutawanyika zaidi kwenye hewa na kulifanya anga lote juu ya mji kuwa jeupe. Na majengo yanayobadilika rangi kila sekunde yana kasoro nyingine ambayo miji isiyo na bandari haiijui: tumekaa mdomoni mwa bandari. Meli inayoingia hapa inasoma maboya, nyekundu kushoto na kijani kulia. Nahodha anayezitafuta taa hizo ndogo majini, nyuma ya taa hizo kukiwa na ukuta wa ghorofa 30 unaomemeteka kijani na nyekundu, anapewa kazi ambayo hakustahili. Upande unaotazama lango la bandari usiwekewe kabisa urembo wa rangi hizo mbili wala wa kumetameta, na mchoro upelekwe kwa watu wa bandari kabla ya kununua hata taa moja.

Ndege pia wana haki yao, namaanisha zile za Uwanja wa Julius Nyerere. Viwango vya ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, vinataka jengo linalozidi mita 45 liwe na taa za onyo, mfano nyekundu za kandela 2,000 zinazomulika mara 20 hadi 60 kwa dakika, na kwa jengo refu ziongezwe katikati kwa umbali usiozidi mita 52. Ziwe na umeme wa akiba wake zenyewe. Kosa la kawaida ni kuziunganisha kwenye saa moja na taa za urembo. Urembo ukizimwa, nazo zinazimika.

Urembo uzimwe lini? Jua letu linazama kati ya saa 12:10 na 12:50 jioni mwaka mzima. Taa 150 za wati 40, zikiwashwa kwa muda wa saa tano tangu jua kuzama, kila siku, zinakula uniti 10,950 kwa mwaka. Zikiachwa hadi alfajiri zinakula 26,280, na hizo 15,330 za ziada zinamulikia watu waliolala.

Mwisho, jaribio. Msisaini mkataba kwa picha ya kompyuta. Chukueni taa mbili za aina inayopendekezwa, mzifunge kwenye rafu mbili za ghorofa ya kati, kwa waya wa muda. Mmoja abaki juu na simu, mwingine apande pantoni jua likishazama. Jicho la kawaida haliwezi kutenganisha vitu vilivyo karibu kuliko sentimita 30 kwa umbali wa kilomita moja, kwa hiyo urembo mwembamba mliochora utapotea, na ni heri upotee siku hiyo kuliko baada ya malipo. Aliye juu apunguze taa hadi nusu, kisha robo. Aliye ng'ambo aseme ni wapi hasa alianza kuona tofauti. Mara nyingi robo inatosha. Kisha arudi, atembee Mtaa wa Samora na Sokoine Drive, atazame juu kama anaona taa yenyewe au mwanga wake. Akiiona taa, kofia iongezwe na jaribio lirudiwe kesho yake.

Karibuni kwa maswali.