Usiku wa Kufunga, ARV Haifungwi

Shikamooni wazee wangu, wengine hamjambo? Hapa Lindi swali la kama kinga ikishuka kidonda cha upasuaji kitapona lina wenyewe. Wanaume wanajiandikisha kupasuliwa mabusha, wengine ngiri, na wamo wenye VVU wanaohofia kidonda hakitafunga.

Hofu hiyo ina chanzo. CD4, yaani kipimo cha chembe za kinga kwenye damu, ikiwa chini ya 200, hatari ya usaha na nimonia baada ya upasuaji huwa kubwa zaidi. Lakini anayemeza dawa za kufubaza VVU (ARV), virusi vimefubazwa na kinga imepanda, kwa kawaida hupona kama mgonjwa wa kitanda cha jirani. Busha linaweza kungoja miezi michache kinga ipande. Utumbo uliojisokota haungoji CD4 ya mtu. Huyo anapasuliwa usiku huohuo. Tena mara nyingi kinachochelewesha kidonda ni upungufu wa damu, sukari, sigara, au mwili uliokonda.

Linaloniudhi ni hili. Mgonjwa anaambiwa asile kuanzia usiku, basi na ARV anaiacha. Siku ya upasuaji kichefuchefu, kesho yake kasahau, keshokutwa dawa ziko nyumbani Liwale. Virusi navyo vinapata mwanya wakati mwili unahangaika na mshono. Mwambie mtaalamu wa usingizi kuwa una dawa zako. Kwa kawaida atakuruhusu kumeza kwa funda dogo la maji. Na ukipewa vidonge vya kuongeza damu, kumbuka wengi wenu mnatumia ARV yenye dolutegravir. Madini ya chuma huinasa tumboni isiingie mwilini vizuri. Imeze saa mbili kabla ya chuma, au saa sita baada yake. Ukitaka kuvimeza pamoja, iwe pamoja na chakula.

Nimeshaona kidonge kimefungwa kwenye pindo la kanga, mke anampitishia mumewe kimyakimya wodi isijue. Sisi wahudumu tumechangia: hali ya mtu inatajwa kwa sauti mbele ya wodi nzima, halafu tunashangaa watu wanaficha. Hata hivyo, mpasuaji wako mwambie, tena faragha. Asipojua, atakuandikia dawa zinazogombana na zako.

Ukisharudi nyumbani, mshono ukivuja usaha, ukivimba kwa joto au homa ikipanda, usipake majivu wala kunyunyizia unga wa vidonge. Rudi hospitali siku hiyohiyo, hata kama ni msimu wa korosho.